Nyekundu ya Buni

Nilikuwa na milioni mbili na laki saba,
zamu yangu ya upatu, nimeifunga kwenye kitambaa,
na buni moja mbivu mfukoni mwa koti.
Niliichuma Jumapili shambani kwa mama, Mbozi,
kwa sababu mwaka jana nyekundu niliyoiweka
kwenye pakiti za chama cha ushirika
ilitoka kiwandani rangi ya maini,
na mwenyekiti, mzee Nzowa, akaishika pakiti kwa vidole viwili:
"Binti, hii ni kahawa au dawa ya kupe?"

Pakiti elfu nne. Nusu nililipa mimi.

Basi Juni hii, ukungu hautoki Loleza hadi saa nne,
natembea Mwanjelwa duka hadi duka,
nawasha mashine za watu, naisogeza buni kwenye kioo.

Ya kwanza ina tunda lililong'atwa mgongoni.
Imetoka Dar, imeshatumika, nyembamba kama sahani ya bati.
Nikafungua kazi yangu, nikaweka buni pembeni:
nyekundu kwa nyekundu, sikuona mpaka.
Nikanyamaza. Atupele muuzaji naye akanyamaza,
anaijua kazi yake.
Herufi zimesimama kwenye mistari
kama kwaya ya Moraviani siku ya Pasaka.
Betri ikifa?
"Unaipeleka Dar."
Kumbukumbu ikijaa, naongeza?
"Haifunguki, dada. Ilivyozaliwa ndivyo itakavyozikwa."

Ya pili ni ya madirisha manne.
Sanduku jeusi, feni inanguruma kama mashine ya kusaga Uyole,
lakini Gwakisa alilifungua ubavu kwa bisibisi moja:
hapa utaongeza, hapa utabadilisha,
hapa panya aliwahi kulala, usijali, tumemhamisha.
Kioo chake tu kilikuwa kiongo.
Buni nyekundu, picha chungwa.

Ya tatu haikuwa na bei.
Lusajo, kijana wa chuo kule Iyunga, aliileta kwenye flashi:
mfumo wenye ndege asiyeruka.
"Bure kabisa, na virusi haviingii."
Niliupenda. Kwenye kurasa za tovuti ulikimbia kuliko wote.
Ila faili za mchapaji zilifunguka zimevunjika,
herufi zimerundikana
kama viazi vilivyomwagika kwenye lumbesa.
Bure nayo ina bei, unailipa usiku.

Alasiri umeme ukakatika Mwanjelwa nzima.
Sanduku la Gwakisa likazimika katikati ya mstari wangu.
Duka la pili, mlango wazi, tunda likaendelea kung'aa
kama mgeni asiyejua kuna msiba.

Nikakaa kizingitini, nikampigia mzee Nzowa.
Hiyo tovuti ya chama, mzee, utaitazamia wapi?
"Kwenye simu yangu. Wapi tena?"

Ile simu naijua.
Kioo kina ufa kutoka kona hadi kona,
mwanga ameushusha ili chaji ifike jioni.
Nyekundu yangu yote, nukta kwa nukta,
itapita kwenye ufa ule.

Nilicheka mpaka Gwakisa akatoka kuniangalia.

Nimenunua sanduku lake, kioo nimemwachia.
Kioo nimeagiza kingine, laki nane na nusu, kisichodanganya,
na betri ya akiba nzito kama ndama:
dakika kumi na mbili za kuhifadhi kazi na kutubu.
Ndege wa Lusajo nimempa chumba ndani ya diski;
nikiandika kurasa usiku, ndiye anayekesha nami.
Tunda silisemi vibaya. Nikipita kwa Atupele
naingia, nauliza bei, natoka.

Buni iko mezani, karibu na kipanya, imekauka.
Siku ile ile ya kuzunguka, nikikumbuka vizuri,
ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi upande mmoja,
nami bado naipimia nyekundu.